Gute ya saa kumi katika nyumba ambayo mama hurudi jioni

Mama mmoja wa Kampemba, hapa Lubumbashi, ameniandikia barua ambayo nimeisoma mara mbili kabla ya kuijibu. Anasema hutoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kwenda kazini mjini na hurudi giza likiwa limekwisha kuingia. Mume wake anafanya kazi mgodini upande wa Fungurume na huja nyumbani kila baada ya majuma mawili. Watoto wao ni watatu, wa miaka 9, 6 na 2. Na anayebaki nao mchana ni mdogo wake wa kike mwenye miaka 17. Bukari, yaani ugali wetu, na mboga za jioni hazikosekani. Kinachomsumbua ni saa zilizo katikati, tangu wakubwa wanapotoka shule mpaka yeye arudi, ambapo watoto hupewa pesa wakanunue biskuti na chupa ya sukre, yaani soda, kwenye kibanda cha jirani. Ananiuliza kama biskuti zinawadhuru, awape gute gani, yaani chakula kidogo cha kati ya milo, ambayo haimlazimishi kupika kila siku huku umeme ukikatika na frigo ikiwa haitegemeki, na mwisho anaomba kitu cha kuwafurahisha siku ya Jumapili kisichohitaji tanuri.

Mama, nianze na biskuti, kwa sababu naona katika barua yako kwamba ndizo zinazokulaumu moyoni. Biskuti si sumu. Shida yake ni kwamba ni unga mweupe, sukari na mafuta, na kwa hiyo hujaza tumbo dogo la mtoto kwa muda mfupi, kisha njaa inarudi kabla ya chakula cha jioni, au jambo baya zaidi, mtoto anafika mbele ya sahani ya bukari akiwa hana hamu ya kula. Sukre ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Chupa ya sentilita 33 ya kinywaji cha aina ya kola ina takriban gramu 35 za sukari, yaani karibu vijiko vidogo tisa. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2015 lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isifikie asilimia 10 ya nguvu zote ambazo mtu huzipata kwa siku, na kwamba ingekuwa bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Kwa mtoto wako wa miaka 6, ambaye mahitaji yake ni kama kalori 1,500, asilimia 10 ni gramu 37 hivi. Kwa hiyo chupa moja peke yake inakaribia kumaliza kipimo chake cha siku nzima, kabla hatujahesabu chai ya asubuhi. Kama kuna jambo moja tu utakalolibadilisha baada ya kusoma jibu hili, liwe hilo: pesa ya sukre inunue ndizi, na kiu ya mtoto ikatwe kwa maji safi.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Unaandika kwamba wewe si mpishi, kana kwamba hilo ni kosa la kuombewa msamaha. Gute nzuri haidai mpishi. Inadai kwamba kitu kinachofaa kiwe tayari ndani ya nyumba pale njaa inapofika, kwa maana mtoto mwenye njaa na msichana wa miaka 17 aliyeachiwa noti mkononi watakwenda kibandani, hata ungewapa mafundisho ya aina gani. Kazi yako, basi, haiko jikoni saa kumi alasiri wakati haupo. Iko sokoni Jumamosi, na kando ya mbabula, jiko letu la makaa, Jumapili jioni, kwa muda usiozidi saa moja.

Msingi wa yote ni karanga, hizi kalanga zetu ambazo tumezizoea hata tumesahau thamani yake. Katika kila gramu 100 za karanga kuna protini gramu 25 hivi, na karibu nusu ya uzito wake ni mafuta mazuri, na ndiyo maana kiganja kimoja humshikilia mtoto hadi jioni ilhali pakiti ya biskuti haimfikishi. Nunua karanga mbichi, zilizokwisha kumenywa, katika soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, au lolote lililo karibu nawe, lakini usiziweke motoni kabla ya kuzimwaga juu ya ungo na kuzichagua moja moja. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye doa la kijani au jeusi na zenye harufu ya uvundo zote zitupwe, wala zisipewe kuku. Ukungu unaoota juu ya karanga zilizohifadhiwa penye unyevu hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo hudhuru ini, na moto wa kukaangia hauiondoi. Ninalisisitiza hili kwa sababu wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Machi, magunia mengi hufika sokoni yakiwa yameloa, na muuzaji mwenye haraka huzichanganya mbaya na nzuri.

Baada ya kuchagua, zikaange katika sufuria kavu juu ya moto wa wastani, bila mafuta, ukigeuza bila kuacha kwa dakika 15 hadi 20, mpaka ganda jembamba la nje lianze kubanduka lenyewe na harufu ijae uani. Ziache zipoe kabisa kabla ya kuzifunga ndani ya chupa au kopo lenye kifuniko, kwa kuwa zikifungwa zingali na joto zitatoa jasho na kuharibika. Hapo una gute ya juma zima isiyojua umeme wala frigo. Nusu ya karanga hizo zitwange au zipeleke kwenye mashine ya mtaani zikasagwe ziwe siagi ya karanga. Ikipakwa kwenye mkate, kwenye kipande cha kiazi kitamu au kwenye ndizi iliyokatwa, mtoto haulizi tena biskuti.

Lakini mtoto wa miaka 2 asipewe karanga nzima hata moja. Punje moja ikiingia njia ya hewa inaweza kumuua katika dakika chache, na mimi humwambia kila mzazi kwamba karanga nzima, bisi na pipi ngumu zisubiri mpaka mtoto afikishe miaka 5. Huyo mdogo ale siagi ya karanga iliyopakwa safu nyembamba, wala si kijiko kizima mdomoni kwa kuwa nayo hunata kooni, au iliyokorogwa ndani ya uji. Kama hajawahi kuionja, mpe kidogo sana siku ambayo wewe mwenyewe uko nyumbani, umwangalie. Akitoka vipele, akivimba midomo au akipumua kwa shida, nenda naye hospitali mara moja bila kungoja.

Nililelewa na bibi aliyetoka Kasenga, kwenye mto Luapula, na kwake gute ilikuwa moja: kipande cha muhogo na karanga kiganjani. Bado ninaamini kwamba hakuna iliyo bora zaidi kwa nyumba isiyopika sana, kwa sababu muhogo hutoa nguvu na karanga hutoa kile ambacho muhogo hauna. Sharti langu ni moja. Mjini kwetu watu wengi hutafuna muhogo mbichi kwa karanga wakiwa njiani, na watoto huwaiga. Mimi siwaruhusu watoto. Muhogo mchungu una vitu vinavyogeuka kuwa sumu ya sianidi mwilini, nao ni wa kulowekwa siku kadhaa na kukaushwa uwe unga, na mtoto hawezi kuutofautisha na ule mtamu kwa macho. Nunua muhogo mtamu kwa mama unayemfahamu, umenye ganda lote, uuchemshe mpaka ulainike kabisa na maji yake uyamwage.

Kuhusu moto, nina ushauri ambao hautakugharimu kipande hata kimoja cha makaa. Kila jioni, bukari ikishapatikana, mbabula hubaki na makaa mekundu ambayo hufa yenyewe bila kazi. Hayo ndiyo ya kutumia. Fukia viazi vitamu viwili au vitatu ndani ya majivu ya moto na maganda yake, au weka juu yake sufuria ndogo ya muhogo au mahindi, ukaendelee na shughuli zako za kuogesha watoto. Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa vina faida ya ziada, kwani rangi hiyo ndiyo mwili huigeuza kuwa vitamini A inayolinda macho na ngozi, na siagi ya karanga inayopakwa juu yake husaidia vitamini hiyo ifyonzwe vizuri kwa kuwa inahitaji mafuta. Vilivyopikwa usiku viliwe asubuhi au vibebwe shuleni kwa gute ya mapumziko, navyo vihifadhiwe na maganda yake ndani ya chombo chenye kifuniko. Mwezi wa Juni na wa Julai, usiku wetu unapokuwa wa baridi, hilo halina taabu. Joto la Oktoba likifika usiviache vikalala, pika siku ile ile.

Mayai nayo yanafaa sana, ila yafuate utaratibu wake. Yai bichi hukaa siku nyingi bila frigo mahali penye kivuli, lakini yai lililochemshwa halivumilii joto, kwa hiyo usichemshe kumi Jumapili ukidhani yatafika Alhamisi. Mfundishe mdogo wako kuyachemsha muda mfupi kabla ya kuliwa, kwa dakika 12 au zaidi kidogo tangu maji yanapotokota. Ninasema zaidi kidogo kwa sababu Lubumbashi iko juu, mita 1,200 na ushee kutoka usawa wa bahari, na hapa maji hutokota yakiwa na nyuzi 96 hivi badala ya 100. Ndiyo maana pia maharage yetu hukawia kuiva kuliko yale ya watu wa pwani.

Matunda sitayaeleza kwa kirefu, kwani unayajua. Ndizi na mapapai hupatikana mwaka mzima, maembe huja na mvua, na kabla maembe hayajajaa, kuanzia Oktoba, vijana huleta masuku kutoka msituni kwa baiskeli. Watoto huyapenda masuku kuliko pipi, na wana haki, ila mbegu zake ziondolewe kabla hayajapewa mtoto mdogo.

Ulitaja kwamba jirani yako huwapa watoto wake munkoyo, ukauliza kama ni vizuri. Ni vizuri, ikiwa ni wa siku ile ile. Munkoyo hutengenezwa kwa uji wa unga wa mahindi unaoachwa upoe kidogo, kisha mizizi ya munkoyo iliyopondwa hutiwa ndani. Mizizi hiyo huuvunja uzito wa uji na kuugeuza wanga kuwa sukari yake yenyewe, na baada ya kulala usiku mmoja kinywaji huwa chepesi, kitamu na chenye uchachu kidogo, bila kijiko hata kimoja cha sukari ya dukani. Kikikaa siku ya pili na ya tatu huendelea kuchacha na huanza kuwa na kileo, na hapo si cha watoto tena. Ununue kwa mama ambaye umemwona akichemsha maji yake, ambaye ndoo yake ina kifuniko na kikombe chake hakizunguki midomoni mwa wapita njia. Ukimpata wa namna hiyo katika mtaa wako, umepata badala nzuri kabisa ya sukre.

Kuna pia finkubala, ambao wazazi wengi wa mjini wameanza kuwaona kama chakula cha kijijini, na jambo hilo linanihuzunisha kweli. Viwavi hawa waliokaushwa wana protini nyingi kuliko nyama ya uzito uleule iliyopimwa ingali mbichi, wana madini ya chuma, na wakiwa wakavu hukaa miezi kadhaa mahali pasipo unyevu. Waoshe kwa maji mara tatu au nne mpaka mchanga uishe, wachemshe robo saa na chumvi kidogo, kisha wakaushe kwenye kikaango mpaka waanze kulia chini ya meno. Watoto wa miaka 6 na 9 watawatafuna kama bisi. Kwa yule wa miaka 2 watwange na kuwachanganya katika uji au mboga. Kikanda, ule mkate wa mizizi ya okidi na karanga unaouzwa vipande vipande sokoni, nacho kinafaa mara moja moja kwa wakubwa, ila mara nyingi kina pilipili kali, nawe uonje kwanza.

Sasa jambo ambalo hukuliuliza, lakini singekutendea haki nikilinyamazia. Vumbi la mji wetu si vumbi la kawaida. Tumeishi miaka zaidi ya mia moja kando ya viwanda vya kuyeyusha shaba, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha mwaka 2009 matokeo yaliyoonyesha kwamba miili ya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga ina kobalti na metali nyingine kwa viwango vya juu sana. Watoto ndio walio hatarini zaidi, kwa sababu hucheza chini na hupeleka mikono mdomoni. Kwa hiyo katika nyumba yako gute isianze kabla mikono haijaoshwa kwa sabuni na maji yanayomiminwa, tunda lisiliwe kabla halijaoshwa hata kama litamenywa, na kinachouzwa wazi kando ya barabara ya lami kipite hata kama kinatamanisha. Ongeza hili: mtoto aliyepungukiwa na chuma mwilini hufyonza madini ya risasi kwa urahisi zaidi kuliko mwenye chuma cha kutosha, na hiyo ni sababu nyingine ya kupenda mayai, maharage na finkubala. Chai, ambayo watoto wetu huinywa na mkate kila asubuhi, huzuia chuma kisifyonzwe vizuri. Ukiweza, kiamsha kinywa kiwe uji wenye siagi ya karanga, na chai ibaki kwa watu wazima.

Na Jumapili, basi. Nitakupa vitu viwili ambavyo mtu asiyependa jiko anavimudu. Cha kwanza ni karanga za sukari. Vikombe 2 vya karanga mbichi zilizochaguliwa, kikombe 1 cha sukari na nusu kikombe cha maji vyote huingia pamoja katika sufuria pana. Maji yatachemka, yatakuwa mazito, kisha kwa ghafla sukari itakauka na kugeuka mchanga mweupe kuzunguka karanga, na hapo wengi hukata tamaa wakidhani wameharibu. Endelea kugeuza kwa moto mdogo, na baada ya dakika chache mchanga huo utaanza kuyeyuka tena na kuzipaka karanga rangi ya kahawia inayong'aa. Zimwage juu ya sinia lililopakwa mafuta kidogo, uzitenganishe kwa kijiko, wala watoto wasiziguse mpaka zipoe, maana sukari iliyoyeyuka huunguza kuliko maji ya moto. Hii ni tamutamu, si gute ya kila siku: kiganja kidogo kwa kila mmoja wa wakubwa wawili, na zinazobaki ziwekwe juu kabatini.

Cha pili hakihitaji moto kabisa, na huyo mdogo anaweza kukila pamoja na ndugu zake. Ponda ndizi mbili zilizoiva sana pamoja na nusu ya avoka, kamulia ndimu ili isibadilike rangi, ongeza kijiko kikubwa cha siagi ya karanga, ukoroge mpaka iwe laini na uigawe katika vikombe. Baba akiwa nyumbani, kazi hii apewe yeye pamoja na watoto, na kuchagua karanga kwenye ungo pia, kwa sababu mtoto aliyezichagua kwa mikono yake mwenyewe huzila kwa fahari.

Kwa mdogo wako wa miaka 17, usimwachie maelezo mengi. Kila asubuhi kabla ya kutoka, weka gute ya siku hiyo ndani ya beseni lenye kifuniko juu ya meza, pamoja na jagi la maji yaliyochemshwa, umwambie ni saa ngapi itolewe: yule mdogo apate mara mbili, katikati ya asubuhi na saa kumi, na wakubwa saa kumi tu, kwa kuwa wametoka kula mchana. Asibaki na pesa ya kibanda. Wote wale wakiwa wameketi, si wakikimbia uani, na huyo wa miaka 2 asiachwe peke yake na chakula mdomoni.

Juma la kwanza watakataa. Mtoto aliyezoea utamu wa biskuti huenda akahitaji kuonjeshwa kitu kilekile mara kumi au zaidi kabla ya kukikubali, na hilo ni la kawaida, halimaanishi kwamba umeshindwa. Usimlazimishe wala usimbembeleze kwa sukre. Kiweke mbele yake, wewe na mdogo wako mkile pia mkiwapo, na akikiacha mngoje bukari ya jioni. Pakiti moja ya biskuti Jumamosi, ikagawanywa kwa watoto watatu, sina neno nayo.

Mwisho, umeandika kwamba yule wa miaka 2 amekonda tangu mvua zilipoanza. Sitalijibu hilo kwa barua. Chukua kadi yake ya uzito, mpeleke kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe juma hili, wampime uzito na mzunguko wa mkono, kisha uniandikie walichokuambia.